Ua la Pastora na Ng'ombe wa Wifi Yake

Kwa miaka sita mti wa Pastora Juajibioy haukutoa hata ua moja la kusingizia. Ulikuwa mti wa aina ile ambayo watu wa bonde la Sibundoy huiita mlevi, kwa sababu harufu ya maua yake jioni hukuzungusha kichwa, na anayethubutu kuyatia mdomoni hupotewa na akili siku nzima. Kila bustani ya huko ina mlevi wake, na maua yake huning'inia yakitazama chini, meupe, marefu kama tarumbeta. Wa Pastora ulikuwa majani matupu.

"Ukate," wifi yake alimwambia kila alipopita. "Panda maharage. Maharage angalau yana adabu, ukiyapanda yanaota."

Wifi huyo, Clementina Chindoy, alikuwa dada wa marehemu mume wa Pastora, na alikaa shamba la pili, ng'ambo ya mtaro wa maji. Alikuwa na milevi minne, yote ikichanua kwa zamu mwaka mzima, na hakuwa mtu wa kuficha neema ya Mungu.

Pastora hakuukata. Alikuwa mfumaji wa mishipi, mwanamke wa miaka sitini na moja aliyezoea kukaa miezi mitatu juu ya kitu kimoja bila kuuliza kitaisha lini. Aliumwagia mti wake majivu, akaendelea na nyuzi zake.

Mwezi wa tano, mvua ilipokuwa ikinyesha asubuhi na kurudia mchana, tawi la upande wa jikoni likatoa tumba. Pastora aliliona alipokwenda kuwamwagia kuku mahindi. Tumba la mlevi huwa jembamba kama mshumaa. Hili lilikuwa nene kama gunzi ndani ya maganda yake, na liliota limepinda. Baada ya wiki lilikuwa limenenepa hadi tawi likaanza kuinama. Pastora akakata fimbo yenye panda, akaliegemeza. Wiki ya pili panda haikutosha, akachukua mshipi mwekundu alioufuma mwenyewe, akalifanyia mbeleko kama ya mtoto mchanga.

Lilichanua kwa siku tatu, polepole, kama mtu anayevua nguo mbele ya daktari. Siku ya kwanza lilijikunjua gamba la nje, jeupe. Siku ya pili ndani yake likatoka la pili, rangi ya maziwa yaliyoguswa na asali. Siku ya tatu la tatu likajaribu kutoka, likakwama, likajisokota upande mmoja. Mdomo ulipasuka vipande vitano vilivyojikunja kama mikia ya nguruwe, ila kimoja hakikujikunja: kilining'inia mpaka karibu na ardhi kama ulimi wa mbwa aliyetoka mbioni. Pastora alilipima kwa uzi. Lilikuwa refu kupita mkono wake kutoka begani hadi ncha ya kidole. Mdomoni mwake kofia ingeingia na kubaki na nafasi.

Alisimama pale akacheka peke yake mpaka kuku wakakimbia.

Watu walikuja. Walitoka vijumba vya juu na vya chini, wakasimama na matope yao, wakasema hawajaona kitu kama kile. Clementina naye alikuja, lakini alisimama barabarani, hakuingia.

"Karibu ndani, wifi, ulione vizuri," Pastora alimwita.

"Naliona kutoka hapa. Nilidhani umeanika suruali ya marehemu kaka yangu."

"Kaka yako hakuwahi kuwa na suruali nyeupe."

"Basi ungemnunulia," alisema Clementina, akaenda zake, nyuma yake akifuatwa na ng'ombe wake Capitana. Ng'ombe huyo alimfuata kila mahali, hata kanisani alikuwa akimsubiri mlangoni, kwa sababu mfuko wa aproni ya Clementina haukukosa chumvi.

Binti yake Pastora, aliyekuwa akifanya kazi mjini Pasto, alipigiwa simu, akaja Jumapili, akapiga picha. Picha hiyo ilifika mikononi mwa mwalimu mmoja wa chuo, mtaalamu wa mimea, Ximena Erazo. Jumatano akapiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya haraka.

"Mama Pastora, tafadhali usiliguse. Nakuja kesho kwa basi la asubuhi. Limefungua siku ya ngapi?"

"Ya sita."

"Mungu wangu. Liambie lisianguke."

"Nitaliambia," alisema Pastora.

Alhamisi alivaa shali yake ya sherehe, ya buluu yenye ukingo mwekundu, na shanga zote alizokuwa nazo. Alipika viazi na mahindi, akafunga wavu wa lango kwa kamba, akashuka kwenda kumpokea mgeni kituoni. Si mbali, nusu saa kwenda na kurudi, lakini basi lilichelewa kwa sababu ya maporomoko ya udongo njiani, na nusu saa ikawa saa mbili. Mgeni aliposhuka alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira na mkoba wa vipimo. Njiani hakutembea, alikuwa anaruka madimbwi.

Lango lilikuwa wazi.

Pastora aliona kwanza panda ikiwa chini. Kisha akamwona Clementina katikati ya bustani, mikono ameitanua kama anayezuia gari. Nyuma ya Clementina alisimama Capitana, mshipi mwekundu umemning'inia pembeni, na kutoka mdomoni mwake kilikuwa kikining'inia kile kipande kirefu cha ua, cheupe, kikipanda taratibu, kikiingia ndani.

"Wifi," alisema Clementina, "usilie."

"Silii."

"Nilikuja kuangalia tu. Kwa dakika moja! Nilijua hupo. Nilifungua lango, huyu mpumbavu akanifuata, nikawa nimeduwaa pale nalitazama, kwa sababu, wifi, kusema kweli, lilikuwa zuri mno, sijapata kuona, na nilipogeuka..."

"Ungelisema hilo kutoka barabarani."

"Ningelisema vipi? Nimeshasema suruali!"

Ximena Erazo alikuwa ameweka mkoba wake kwenye matope. Aliliendea tawi, akashika kikonyo kilichobaki, kikubwa kama kikombe, akakigeuza huku na huku. Alikuwa amepanda basi saa kumi alfajiri.

Pastora alihisi hasira ikimpanda toka miguuni, hasira ya miaka sita ya maharage. Alifungua kinywa amwage yote. Lakini wakati huohuo Capitana alimsujudia.

Alipiga magoti ya mbele, akainuka, akaelekea kwenye nguzo ya lango, akaitazama kwa heshima kubwa. Macho yake yalikuwa meusi tii, mboni zimejaa kama masufuria. Kisha akaanza kutembea kinyumenyume kuelekea mtaroni.

"Amekufa!" Clementina alipiga kelele. "Ng'ombe wangu amekufa!"

"Mfu hatembei kinyumenyume," alisema Pastora. "Mshike pembe! Binti, wewe nyuma, msukume asiingie mtaroni!"

"Mimi ni wa mimea," Ximena alisema, lakini alisukuma.

Clementina alikuwa analia machozi ya kweli sasa. Capitana ndiye aliyekuwa akimpa maziwa ya kuuza na ya kunywa, na tangu wanawe wahamie mjini ndiye aliyekuwa akizungumza naye kutwa. Pastora alilijua hilo. Alivua shali ya sherehe, akaitundika mtini, akamfunga ng'ombe kamba ya shingo. Ximena alimpigia simu rafiki yake, daktari wa mifugo, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kiuno cha Capitana.

"Anasema ni ua moja na ng'ombe ni mkubwa, huenda akapona," alitangaza. "Awekwe kivulini, asianguke, apewe maji akikubali. Maziwa yamwagwe siku tatu. Na anauliza ng'ombe ana hali gani."

"Mwambie anaamkia nguzo," alisema Pastora.

Walimzungusha mchana kutwa chini ya paa la jiko, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja nyuma, mvua ikinyesha. Capitana alitishwa na ndoo. Alitaka kuingia ndani kulala kitandani. Aliramba ukuta kwa muda mrefu na kwa mapenzi. Mara ya tatu aliposujudu, Ximena alianza kucheka, akajitahidi kujizuia, akashindwa. Clementina alimtazama kwa uchungu, kisha bega lake likaanza kutikisika, na Pastora, aliyekuwa ameshika mkia, ilibidi auachie akae chini. Walicheka watatu mpaka mbavu zikauma, huku ng'ombe akiwatazama kama wao ndio waliolewa.

Saa kumi na moja Capitana alikunywa ndoo nzima ya maji, akakojoa kama mto, akaanza kutafuta mfuko wa chumvi. Clementina alimkumbatia shingo.

Basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka. Ximena alikula viazi na mahindi, akalala kwa Pastora. Asubuhi alikagua mti wote kwa kioo chake cha kukuzia, akasema ua lile huenda lilitokana na tawi lenyewe, si mti mzima, na kwamba kama tawi limebeba siri hiyo, vijiti vyake vinaweza kuirithi, au visirithi. Hakuna ajuaye. Walikata vijiti vitatu. Kimoja Ximena alikifunga kwenye gazeti bichi akaondoka nacho. Kimoja Pastora alikichomeka palepale. Cha tatu alikibeba hadi ng'ambo ya mtaro.

"Sitaki," alisema Clementina. "Sistahili."

"Hustahili, lakini kichomeke. Na ng'ombe wako mfunge."

Ulipita mwaka na miezi minne. Asubuhi moja, Pastora akiwa bado anapuliza moto, Clementina aliingia bila kubisha, nywele hazijachanwa, kiatu kimoja mguuni.

"Wifi, usinikasirikie."

"Capitana tena?"

"Si Capitana. Njoo tu."

Kijiti cha Clementina kilikuwa kimekua mti wenye kimo cha mtu. Juu yake yalining'inia maua matatu, kila moja na magamba matatu, yamejisokota, yamepasuka, ndimi nje, makubwa kuliko lile la kwanza. Mti uliotokana na kijiti cha Pastora ulikuwa umeshachanua wiki iliyopita: maua kumi na manne, yaliyonyooka, yasiyo na kasoro hata moja.

Pastora aliyatazama yote matatu. Kulikuwa na kitu kilichomchoma kifuani, hawezi kusema hakikuwapo. Clementina hakusema neno, na kwa Clementina hilo lilikuwa jambo zito kuliko kuomba radhi. Ng'ombe, kamba shingoni, alikuwa akitafuna nyasi mbali na mti, amegeukia upande mwingine kabisa.

"Hata yeye hataki kuyaona," alisema Pastora, kicheko kikamtoka.

"Utaondoka na kijiti," Clementina alisema haraka. "Viwili. Vitano! Subiri nilete panga."

"Panga la nini? Lete kisu. Na usikate hapo, kata juu ya macho mawili ya kuchipua."

"Mti ni wangu, nitakata ninapotaka."

"Tawi lilikuwa langu."

"Lilikuwa!"

Waliendelea hivyo, kisu mkononi, mpaka mvua ikawakimbiza jikoni.