Dubu Anauliza Habari

Alphonce Mughwai alikuwa hajawa daktari bado, ila kuitikia jina hilo alishaanza. Wiki yake ya kwanza ya utafiti katika shule ya Mitundu bibi mmoja alimletea goti lililovimba. Alphonce akamweleza kwamba udaktari wake ni wa falsafa, wa kubuni teknolojia ya afya ya akili kwa watoto. Bibi akamkagua kuanzia viatu hadi miwani.

"Kumbe daktari wa makaratasi," akasema, akaondoka na goti lake.

Anastazia, msaidizi wake, aliinama asionekane anacheka. Alikuwa ametoka chuo cha ualimu mwaka uliopita. Kazi yake hapa ilikuwa kubeba vishikwambi kumi na viwili, kuvichaji kwa sola ya shule, na kunyamaza. Kunyamaza hakuhitaji kufundishwa.

Ndani ya kila kishikwambi alikaa dubu. Alphonce alimchagua kwa sababu makala alizosoma zilisema watoto wanapenda dubu. Watoto wa Mitundu, ambao hawajapata kumwona wala kumsikia, walikubaliana kuwa ni fisi aliyenenepa. Fisi huyo alipunga mkono na kuuliza: "Habari yako, rafiki?" Chini yake zilijipanga nyuso tano, kuanzia wa kucheka hadi wa kulia, na mtoto alibonyeza alioutaka. Akibonyeza wa kulia, jina lake linaingia kwenye orodha nyekundu. Alhamisi Bi Kauthar wa ustawi wa jamii angekuja kutoka Itigi kukaa na watoto wa orodha hiyo tu, kisha asionekane tena hadi baada ya miezi mitatu.

Watoto mia na arobaini walibonyeza siku tatu mfululizo. Orodha nyekundu ilibaki tupu kama kibuyu cha mlevi.

"Unaona?" Alphonce alisugua viganja. "Asilimia mia moja! Watoto wa vijijini ni imara ajabu. Hii peke yake ni sura nzima ya tasnifu."

"Ndiyo, kaka," alisema Anastazia.

Moyoni alijiuliza: ni nani aliyewahi kuulizwa habari na mkubwa akajibu mbaya? Hata nyumba ikiwaka unaanza na nzuri, ndipo unaongeza: ila nyumba inaungua. Mtoto anayejibu vingine huambiwa hana adabu. Na Alphonce hakuzaliwa Ulaya, alizaliwa Ikungi, mkoa huu huu! Alifundishwa hayo kabla hajaota meno ya mbele. Miaka sita ya kusoma ilikuwa imemsugua hadi akatakata, hana hata vumbi la kwao.

Anastazia alimwaza Johari wa darasa la tatu. Mama yake alifariki kwa uzazi, wakamzika siku ishirini zilizopita. Tangu hapo uji wa shule Johari aliumwaga nyuma ya stoo, na kola ya shati lake ilikuwa imejaa matundu ya meno. Kila asubuhi alibonyeza uso unaocheka, kisha akapangusa kioo kwa sketi, kwa heshima.

Jumatano Anastazia alijikaza.

"Kaka, yule Johari wa darasa la tatu..."

"Amebonyeza nini?"

"Uso unaocheka."

"Basi anacheka. Usiniingizie huruma kwenye takwimu."

"Nilifikiri labda dubu asiulize habari. Labda ampe pole."

Alphonce alicheka hadi akavua miwani. "Pole! Pole inapimwa kwa kilo au kwa lita?" Mwalimu mkuu, Yeremia, naye akacheka, kwa sababu mgeni akicheka mwenyeji hamwachi peke yake.

Saa ya uji Anastazia alimkuta Johari nyuma ya stoo. Akaketi chini kama watu wanavyoketi msibani. Hakuuliza kitu.

"Pole kwa mama," akasema.

Johari alimtazama. Siku zote zile za msiba watu walijaa uani kwao. Walimpa pole baba, wakampa bibi, wakawapa wajomba waliotoka Nduguti. Watoto waliambiwa wakacheze.

"Hiyo pole ni yangu?"

"Ni yako."

"Siyo ya baba?"

"Ya baba walishampa."

Ndipo mtoto alipolia, kwa mara ya kwanza, hadi uji wa watu wote ukapoa.

Alhamisi Bi Kauthar alifika kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi hadi kope. Alphonce alimwonyesha mchoro wa rangi ya kijani tupu.

"Hakuna hata mmoja, mama. Umesumbuka bure."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Kauthar, akainua helmeti avae. Akamwona binti aliyesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema Anastazia.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

Nzuri ilimpanda kooni yenyewe, kama ilivyompanda maisha yake yote. Anastazia akaimeza.

"Mbaya, mama."

Mwalimu Yeremia alikohoa kama aliyepaliwa. Alphonce aligeuka.

"Mbaya," Anastazia alirudia. "Kuna mtoto, na pengine siye peke yake."

Bi Kauthar aliweka helmeti juu ya meza, juu ya ule mchoro.

"Yuko wapi?"

Walitoka wawili kuelekea stoo. Nyuma yao dubu aliendelea kupunga mkono, na Alphonce alikuwa bado anatafuta pa kubonyeza.