Mkwe Aliyengoja Giza

Kitendawili! Itikieni "tega" jamani, msiniache mdomo wazi. Haya: mgeni wangu amekula, ameshiba, nimemtandikia, nimezima taa, nimemwambia alamsiki, naye bado yuko dirishani ananichekea.

Mmeshindwa. Ningewadai mji, kama ada ilivyo, lakini leo nawasamehe, miji yenu kaeni nayo. Jibu ni jua. Tena si hili letu, ambalo likisema naenda limekwenda. Nasema jua la kule walikohamia mwanangu na mumewe, miezi ya joto. Lile haliagi. Linafika ukingoni mwa mapaa, linakaa pale kana kwamba limesahau njia, na mwanga wake unabaki umemwagika mitaani mpaka wewe unayeutazama ndiye unayechoka.

Usiku wangu wa kwanza kule, yaani wakati ambao ungekuwa usiku, nilikaa kitini nikingoja giza. Nilivyolelewa mimi, mtu mzima mwenye afya halali jua likimwona.

"Mama, lala," mwanangu akaniambia. "Umetoka safari."

"Nitalala usiku ukiingia."

"Ndio huu, Mama. Umeshaingia."

"Uko wapi?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikasogea dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo la ghorofa kama letu, na madirisha yake yote yamewaka rangi ya asali. Mzee mmoja alikuwa anamwagilia maua yake. Ndege wanapita juu makundi kwa makundi wakipiga kelele, hawajui waseme kumekucha au kumekuchwa, maskini. Kivuli cha mti mmoja kimelala barabarani, kimevuka, kimefika ukuta wa pili na kuupanda. Nikajikuta nimeshika kifua. Umri wote huu nimeishi chini ya jua, na sikujua kwamba lina mambo hayo. Ni kama kukaa na mume mpaka mnazeeka, halafu siku moja unamsikia anaimba, na sauti anayo.

Mjukuu wangu alikuwa na maelezo yake. Tunamwita Chiriku, na ukikaa naye kidogo huulizi kwa nini. Maelezo aliyaleta kutoka shuleni.

"Dunia imeinama, Bibi." Akalaza kichwa begani. "Hivi. Kama mtu anayesikiliza mlangoni."

"Inasikiliza nini?"

"Mwalimu hajatuambia."

Nikaona ajabu juu ya ajabu. Dunia nzima, na milima yake na maji yake, imetega sikio, na sisi tumo juu yake tunamenya vitunguu.

Lakini jua lile lilinitia hasara mbili. Ya kwanza ilimhusu Chiriku. Kila akishaoga anakuja na mto wake kwapani. "Bibi, vitendawili." Namwambia, mke mwenzangu, vitendawili havitegwi mchana, tutaota mikia. "Lakini ni saa ya kulala!" Tazama nje, namwambia. Anatazama nje, ananuna, anapapasa nyuma ya gauni lake kuhakikisha, kisha analala.

Hasara ya pili sikuijua upesi, nayo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Mlango wa kuingilia unakutupa moja kwa moja sebuleni. Sebuleni kuna kochi linalofunguka likawa kitanda, na hicho ndicho kilichokuwa kitanda changu na Chiriku. Ukitaka jiko, unapita sebuleni. Ukitaka bafu, unapita sebuleni. Chumba cha mwanangu na mumewe, hivyo hivyo. Yaani mtu hawezi kuingia kwake bila kunipitia mimi.

Na sisi ni watu wa ukwe. Mama mkwe na mume wa binti hawakaziani macho, hawali sahani moja, hawabananishwi penye uchochoro. Kule nyumbani haina shida, nyumba ina uani, ina mlango wa nyuma, na jioni giza linawasitiri wote. Mkwe wangu ni kijana wa adabu kupita kiasi. Siku aliyonipokea kiwanja cha ndege aliniamkia kutoka nyuma ya nguzo. "Shikamoo Mama!" Mimi nikaitikia nguzo. Halafu akabeba mizigo yangu, akatangulia mbele kwa mwendo wa mwizi, mimi na mwanangu tunamfuata kwa kukimbilia.

Ni fundi wa vigae. Kazi yake ni ya kupiga magoti kutwa, kusawazisha chokaa na saruji, kupanga kigae kwa kigae na kupima kwa pimamaji kama kimelala sawa. Toka nifike nilikuwa sijamwona ila viatu vyake. Asubuhi anapita nikiwa nimejifunika shuka gubigubi. Jioni haonekani.

"Baba Chiriku yuko wapi?" nauliza.

"Kazini, Mama," mwanangu ananijibu, macho kwenye sufuria. "Msimu huu kazi ni nyingi."

Nami namsifu. Mchapakazi! Binti yangu ameokota dodo chini ya mnazi! Nasema hayo nimekaa dirishani na kikombe changu, nikitazama mbingu ikigeuka kutoka asali kuwa waridi, waridi kuwa rangi ya tumbo la samaki, na usiku hauji. Ninangoja. Siwezi kulala. Na kwa kweli sikutaka tena kulala, maana kila jioni ilikuja na rangi ambayo ya jana haikuwa nayo.

Mwanangu alikuwa amepata kazi katika jumba kubwa la kufulia la hospitali, kupiga pasi mashuka kwenye mashine ndefu, na anatoka alfajiri. Mimi ndiye ninayempeleka Chiriku shule na kumrudisha. Kabla sijafika walikuwa wanapokezana na mumewe, kila wiki mmoja anakosa kazi. Lakini tiketi yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi, na tarehe ya kurudi ilikuwa inakaribia, na hapana aliyeitaja.

Siku moja Chiriku akapanda ngazi mbio, akasimama mbele yangu anahema.

"Bibi, Baba anauliza, utakaa?"

"Anauliza nini?"

"Utakaa? Basi. Ameniambia niseme hivyo hivyo, nisiongeze langu."

Nikakiweka kikombe chini. Kwetu mgeni haulizwi safari yake. Akiulizwa, ajue ameonyeshwa mlango kwa adabu. Nikasema moyoni, haya, mkwe wangu amechoka. Nyumba ndogo, bibi kizee kajaa sebuleni kama kabati. Ana haki yake. Nikamwambia Chiriku, "Mwambie baba yako nitajibu giza likiingia."

Hilo lilikuwa la kununua muda tu. Lakini Chiriku akalichukua kwa uzito, akaenda kuketi dirishani kulingoja. Akalingoja mpaka usingizi ukamwangusha na paji la uso kwenye kioo.

"Mama, umemjibuje?" mwanangu akaniuliza nilipomlaza mtoto.

"Bado."

"Mama, mimi nakuomba..." Akakunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. "Ukiondoka, mimi naacha ile kazi. Lakini nisikufunge. Kama roho yako iko kule, iko kule."

"Na mumeo anasemaje?"

"Mume wangu umwulize mwenyewe."

"Nimwulize mimi? Kwa mdomo upi?"

Akacheka kidogo, machozi karibu, akaingia chumbani. Nikabaki na jibu langu mkononi kama mtoto aliyepewa yai alishike. Nikitaka kukaa, nitakaaje kwenye nyumba ambayo mwenyewe anataka nitoke? Na nikitoka, nani atamwamsha Chiriku?

Kesho yake jioni jiko lilinuka maganda. Kutoa taka ilikuwa kazi ya mwanangu, lakini alikuwa amelala mapema, pasi imemchosha. Nikachukua mfuko, nikashuka mwenyewe ngazi moja moja, nikasukuma mlango wa nyuma kulikowekwa mapipa.

Mwanga ulinipokea usoni kama maji. Nilikuwa nimeutazama dirishani siku zote, sikuwahi kusimama ndani yake. Kuta, mapipa, baiskeli zilizofungwa mnyororo, nyasi zilizoota penye ufa, kila kitu kinang'aa kwa ukingo wake kama kimeshonewa uzi wa dhahabu. Hakuna upepo. Hakuna gari. Nikasahau kilichonipeleka.

Halafu nikasikia mtu anasema, "Umeshakula mbili. Hii ni yangu."

Palikuwa na benchi karibu na mapipa. Mtu amekaa, viatu vya kazi amevivua na kuvipanga, soksi ndani yake, suruali nyeupe kwa vumbi la vigae, magoti ameyanyoosha mbele kama magongo. Mapajani ana bakuli la chakula. Miguuni pake kuna paka mnene wa rangi ya majivu. Na lile bakuli nalijua, nimeliosha mwenyewe asubuhi.

"Shikamoo Mama!" Akaruka juu, pekupeku, bakuli mkononi. Mimi nikageukia ukuta na mfuko wangu wa taka. "Marahaba," nikauambia ukuta.

Tukabaki hivyo. Yeye hawezi kuondoka, mlango nimeuziba mimi. Mimi siwezi kuondoka, taka sijatupa. Chiriku, mjumbe wetu, amelala juu. Kati yetu yupo paka peke yake.

Nikakohoa. "Wewe paka," nikasema, "hebu mwulize huyo bwana, amerudi kazini saa ngapi?"

"Paka, mwambie Mama nimerudi mapema kidogo."

"Mapema ya leo, au mapema ya siku zote?"

"Ya siku zote," akamwambia paka, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa amefunua sufuria.

"Na anafanya nini huku kwenye mataka, na kwake kupo?"

"Paka, mwambie Mama... nangoja giza."

"Giza la nini?"

"Mama akishalala ndiyo nipite. Lakini Mama halali. Naangalia dirisha, namwona amekaa. Nasema labda Mama ana mawazo. Basi nangoja tena."

Mungu wangu. Nikaegemea ukuta. "Paka! Mwambie na mimi nangoja giza! Naanzaje kulala jua linaniona? Nangoja usiku nilale, naye yuko chini anangoja nilale aingie, na usiku wenyewe hauna habari na sisi!"

Nikasikia mlio kama wa mtu anayebanwa na kikohozi. Alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa heshima. Nami nikashikwa. Nikacheka mpaka mfuko ukanidondoka na maganda yakamwagika. Akainama kuokota upande wake, nami upande wangu, kila mtu amegeuza uso, mikono inapapasa kama ya vipofu.

Tulipomaliza nikakaa ncha moja ya benchi, yeye ncha ya pili, migongo nusu tumepeana. Magoti yake yalilia alipokaa, na niliyasikia. Mbele yangu, kati ya majengo mawili, mbingu ilikuwa imefunguka, na katikati ya waridi ile ilitoka nyota moja, nyeupe, mchana mweupe. Sijapata kuona. Nyota na jua kwa pamoja, hakuna aliyemfukuza mwenzake.

"Paka," nikasema polepole, "mwulize, kama ananionea aibu hivi, mbona aliniuliza kama nitakaa? Kwetu hiyo ni kumfungulia mgeni mlango atoke."

"Hapana!" Akasahau paka kabisa. Akajikumbusha. "Paka, mwambie Mama si hivyo. Ghorofa ya juu kuna nyumba inaachwa wazi. Ina milango miwili. Mmoja unaingia sebuleni, mwingine nyuma, jikoni. Mtu anaweza kuingia na kutoka asimsumbue mtu. Mwenye nyumba anataka kujua kama tunaihitaji. Bila Mama hatuihitaji. Ndiyo nikauliza."

"Kwa hiyo aliuliza..."

"Niliuliza kwa sababu naogopa jibu. Mtoto alipokuja kuniambia ni mpaka giza liingie, nikajua Mama anarudi. Mama Chiriku jana hakulala vizuri. Mimi ndiyo usiseme."

Nilitaka kuwaza neno la kumpa, neno zuri, la mtu mzima. Lakini paka alikuwa amechoka na ujumbe usio na malipo. Akapanda benchi, akachomoa kipande cha mwisho cha nyama bakulini, akaruka nacho juu ya mapipa, akatokomea nyuma ya ukuta.

Sasa hakuna mjumbe. Tukatazama pale alipopotelea. Nyota yangu ilikuwa bado ipo, na mwanga bado upo, umetulia juu ya mikono yangu kiasi kwamba niliona kila mshipa. Nilimsikia mkwe wangu akivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

"Mama," akasema, kwa mdomo wake, akiviangalia viatu vyake. "Utakaa?"

"Nitakaa, baba," nikamwambia. "Ichukue hiyo ya milango miwili."