Siri ya Babu Kipara

Samiha Thuwaini alikuwa anapima iliki dukani kwake Mtoni aliposikia sauti ya Alfonsi ikitoka kwenye simu ya mteja.

"Siri ya kumtoa Babu Kipara niliigundua mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi," sauti ilisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Hakuna aliyenifundisha."

Samiha akaiacha iliki kwenye mzani. "Nani huyo?" akauliza, kama vile hamjui.

"Humjui Profesa? Anafundisha siri za gemu za zamani. Watu laki mbili wanamfuata mtandaoni. Jumamosi anazindua ukumbi wa gemu kule Msasani, atamtoa Babu Kipara mbele ya watu, laivu."

Kumjua! Wallahi alimjua kuliko alivyotaka. Alfonsi alikulia uani kwao. Enzi hizo Mzee Thuwaini, baba yake Samiha, alikuwa na banda la gemu nyuma ya duka hilihili, runinga nne na mashine nne zilizochoka, na Alfonsi, mtoto wa mchonga vinyago wa mtaa wa pili, alikuwa anashinda humo na Mohammed, kaka yake Samiha. Na Mohammed ndiye aliyeigundua hiyo siri. Idi pili nzima, watoto wenzake wako barabarani na nguo mpya, yeye kakaa kwenye kigoda anabonyeza na kuandika kwenye daftari, anabonyeza na kuandika, mpaka pale pa kuchagua mpiganaji akatokea mzee mwenye kipara ambaye Mtoni nzima hakuna aliyewahi kumuona. Watoto walikuja kutoka Mbagala na Keko kumshangaa.

Mohammed amekufa, huu mwaka wa sita. Sukari ilimmaliza ana miaka thelathini na nne, hana mke, hana mtoto. Alichokiacha duniani ni hicho tu, kwamba yeye ndiye aliyemtoa Babu Kipara. Kwa mwingine ni upuuzi mtupu. Kwa Samiha jina la kaka yake lilikuwa limeshikiliwa na uzi huo mmoja, na sasa kaja mtu anaukata mchana kweupe. Akafunga duka saa tano asubuhi, iliki ya watu haijafungwa, akaenda Temeke kwa Alfonsi.

Alimkuta Alfonsi sebuleni katikati ya mataa ya kupigia video. Mezani ilikuwepo padi ya gemu ya Mohammed, ileile ya zamani, alama zote za batani zimefutika. Aliiomba kwa mama yao siku ya arobaini, eti kumbukumbu.

"Karibu, mdogo wangu. Za Mtoni?"

"Usiniite mdogo wako. Jumamosi utashika maiki, utawaambia watu kwamba Mohammed Thuwaini ndiye aliyeigundua. Sitaki kingine."

Alfonsi akacheka, kile kicheko cha kumpoza mtoto. "Samiha, nikisema nilifundishwa, uprofesa wangu uko wapi? Watu wananifuata mie. Marehemu hawamjui."

"Kwa hiyo kufa kufaana?"

"Mla ni mla leo. Mohammed alikuwa na nafasi yake, akang'ang'ania banda mpaka mwisho. Mie nimemtoa Babu Kipara Mtoni nikampeleka duniani. Ungenishukuru."

"Nikushukuru! Ulikula kwetu, Alfonsi. Mama alikuwa anakuwekea sahani kabla ya kutupakulia sie."

"Ndiyo umekuja kunisimanga?" Uso ukambadilika. "Kama wali wa mama yako una deni, kaniandikie barua. Sasa toka kwangu."

Loo! Mtu anakufukuza, na kitu cha kaka yako kiko mezani kwake unakiona. Samiha alirudi Mtoni. Wiki nzima alizitazama video za Alfonsi na kusoma maoni chini yake, akitafuta wa kumshitakia, akakuta watu wanalalamika: Profesa, mbona kwetu haifanyi kazi? Naye anawajibu kwa kejeli, vidole vyenu vizito, kaleni kwanza. Samiha akasonya, hakuelewa. Yeye alishakata shauri: Jumamosi angesimama katikati ya ukumbi apige kelele mpaka atolewe.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi cha kugandisha, vijana wamejaa mpaka mlangoni na simu zao juu. Samiha kwenye baibui lake alijipenyeza mpaka mbele kabisa, wakampisha wakidhani ni mama wa mtu. Ferdinand, mwenye ukumbi, akamtambulisha Profesa kwa mbwembwe, kisha akampa padi mpya kabisa, ndiyo kwanza inatolewa kwenye nailoni.

Samiha alikuwa ameshavuta pumzi ya kupiga kelele. Akaimeza.

Alikuwa na miaka tisa siku padi ya Mohammed ilipoungua nyaya, naye ndiye aliyemshikia baba yake tochi wakati anaichomelea. Mzee akakosea, akapishanisha nyaya mbili, batani ya ngumi ndogo ikakaa pa teke kubwa na ya teke kubwa pa ngumi ndogo. Alipotaka kuzirudisha, Mohammed akamzuia. "Acha hivyohivyo, baba. Mtu akituibia siri akaipeleke kwa washindani wetu, banda la Kondo, ataambulia patupu." Mpaka siku ile alikuwa hajamfundisha mtu yeyote. Alfonsi alifundishwa baadaye, kwenye padi hiyohiyo, na vidole vyake havijawahi kuimba wimbo huo kwenye padi nyingine.

"Tazameni vidole, msitazame uso wangu, mtapofuka," Alfonsi akasema, watu wakacheka. Akabonyeza harakaharaka. Kwenye skrini hakikutokea kitu.

"Nilikuwa napasha," akasema. Akarudia. Kimya. Mara ya tatu jasho lilikuwa linamtiririka na kiyoyozi chote kile.

"Profesa wa mchongo!" sauti ikatoka nyuma. Basi, mwenzangu, ukitaka kuujua ubaya wa binadamu, teleza mbele ya vijana wa Dar wenye bando. Ukumbi mzima ukadaka: mchongo, mchongo, mchongo! Kuna mmoja aliyemwambia vidole vyako vizito, kale kwanza, watu wakaanguka kwa kicheko.

Alfonsi akainua macho, yakakutana na ya Samiha. Samiha akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa. Na niseme kweli, alikuwa anaona raha.

"Kuna batani mbili unazikosea," akamwambia kwa sauti ya chini. "Litaje jina lake kwenye maiki, nakwambia zipi."

Alfonsi akaiziba maiki kwa kiganja. "Nitajie wewe kwanza."

"Jina kwanza."

"Samiha, unaniua."

"Jina."

Kumbe kiburi ni kitu kizito hivyo. "Bora wanizomee," Alfonsi akasema, akaitupa padi mezani, akateremka na kupita katikati ya watu wanaompiga picha.

Samiha akapanda jukwaani na baibui lake. Ferdinand alitaka kumzuia, lakini vijana walipiga miluzi wakitaka kuona kituko kingine, akamwachia. Akaishika padi. Alikuwa ameutazama mfuatano ule mara elfu akiwa mtoto. Kila penye teke kubwa akaweka ngumi ndogo, na penye ngumi ndogo teke kubwa. Babu Kipara akatokea kwenye skrini, kafumbata mikono nyuma. Ukumbi ukalipuka.

Akapewa maiki. "Aliyeigundua siri hii ni kaka yangu, Mohammed Thuwaini, wa Mtoni," akasema.

"Mpigieni makofi dada yetu!" Ferdinand akadakia. "Dada, mtandaoni unatumia jina gani?"

"Mohammed Thuwaini," akarudia.

"Ndo nani huyo?" kijana wa mbele akamuuliza mwenzake.

"Sijui. Dada, rudia tena polepole, nirekodi vidole!"

Simu zote zilikuwa zimeelekea mikononi mwake. Alilitaja jina mara ya tatu, nje ya maiki, na hakuna aliyegeuka.

Alipotoka nje alimkuta Alfonsi ukutani anasubiri bodaboda. Angeweza kupita. Lakini hasira zilikuwa hazijashiba, na ndani hakukuwa na wa kuzilisha.

"Unajua kwa nini imekukataa?" Akamweleza yote, tochi, nyaya, na maneno ya Mohammed kwa baba yake. "Ilikuwa mtego wa wezi. Na wewe alikuhesabu humohumo. Miaka yote mnakula sahani moja, hakukwambia."

Alfonsi akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nilikuwa nampeleka kliniki kila Jumatano," akasema. "Nyie mko dukani. Mara ya mwisho nilimbeba mgongoni kwa sababu hakuweza kuvaa viatu. Nilipokuwa namtoa yule mzee kwenye video, nilikuwa namuona yeye kakaa pembeni ananicheka. Jina nilikunyima wewe na watu wale, sawa, mie mwizi. Lakini humo ndani ulikotoka kuna mtu mmoja anayemkumbuka kaka yako?"

Samiha akageuka kuutazama mlango wa ukumbi.

"Nilikuwepo mie. Sasa na mie simjui."

Bodaboda ikasimama. Alfonsi akachukua helmeti.

"Humjui nani?" Samiha akamuuliza. Akamshika mkono wa shati. Alitaka alitaje jina tu, hata kwa tusi, hata kwa kumtemea mate. "Alfonsi, humjui nani?"

Alfonsi akautoa mkono wake taratibu, akapanda.

"Temeke, braza," akamwambia dereva.