Udongo wa Nyanchera

Kifuniko cha kopo kilifunguka, kikafungwa. Kikafunguka tena. Phanice alikuwa macho gizani, mtoto amemlalia mkono, akimsikiliza mama mkwe wake jikoni. Persis alikuwa akilifuta lile kopo la maziwa ya unga watakalosafiri nalo kukipambazuka. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi magotini, na daktari alishamnong'oneza Phanice kwamba moyo umechoka.

Persis hakutaka tena dawa. Alitaka udongo.

Zamani, akiwa bibi arusi wa juzijuzi, yeye na mumewe walichuma chai katika shamba la mzungu kule Nyamira. Mtoto wao wa kwanza, Nyanchera, akashikwa na homa, akafa, na mvua ilikuwa imekata barabara ya kurudi kwao Marani. Wakamzika nyuma ya nyumba za vibarua, chini ya mti wa mtembe. Kwetu mtu huzikwa kwao, kando ya migomba, wenzake wakipita hapo kila siku. Mwili usiporudi, basi udongo wa kaburi urudi. Mumewe alikufa akiusubiri.

"Nikienda bila yeye, nitamwambia nini baba yake?" Persis aliuliza. Phanice, aliyempa binti yake jina la Nyanchera, alitafuta nauli.

Siku hizi shamba lile ni bustani ya wageni. Nyumba ya mzungu bado ipo, na bomba lake la moshi la mawe, na mawaridi pande zote. Jasper, kijana anayetembeza wageni, alimtania Persis: je, magokoro, yaani bibi, amekuja kudai kazi yake? Persis akamwambia kwamba hata bibi yake Jasper hakuweza kuchuma naye sambamba. Walicheka. Wakaonyeshwa mbega juu ya miti, kisha njia ya kuteremkia bwawani.

Persis, ambaye macho yake yana ukungu, aliomba aambiwe mtembe ukionekana. Akaketi kwenye benchi la juu, kopo mapajani.

Phanice aliuona. Ulikuwa katikati ya maji, mkavu, umebambuka magome, na korongo wawili wenye taji wamesimama juu yake. Jasper alieleza kwa fahari kwamba nyumba za vibarua zilibomolewa, bonde likazibwa kuwa bwawa, ndege wakaja wenyewe. Phanice alimvuta kando akamwambia kilichokuwa chini ya mti ule. Jasper akavua kofia. Maji ni marefu, alisema, na hakuna anayeruhusiwa kupita mafunjo.

"Mmeuona?" Persis aliuliza waliporudi.

"Tumeuona, Mama."

"Nipelekeni."

"Mteremko ni mbaya kwa miguu yako. Lete kopo, nikuchotee."

Alishuka mpaka kwenye kona ambapo benchi halionekani, mtoto nyuma yake, kisha akazunguka hadi penye mawaridi. Udongo ulikuwa umelimwa karibuni. Akauchota kwa mikono, akaondoa mizizi na petali moja iliyonyauka. Mtoto aliuliza kama mti si ule wa majini. Phanice akamwekea kidole mdomoni, akajaribu kutabasamu.

Persis alilifungua kopo, akanusa, akausugua udongo kati ya vidole.

"Ni laini. Ule ulikuwa na kokoto."

"Majani yameozea hapo miaka mingi, Mama."

Mama mzee alikubali kwa kichwa, polepole. Kisha akainamia kopo, akaanza kusema nalo kwa Kikisii, kwa sauti ya kubembeleza. Alimwambia mwanawe kwamba barabara sasa ni ya lami, kwamba baba yake yuko kwenye migomba, kwamba nyumbani kuna mwingine mwenye jina lake na ana mdomo kama kasuku. Machozi yalidondokea udongoni. Phanice aligeuza uso, akatumaini kwamba Mungu angelipokea hilo, kwamba huenda amani ni amani tu, hata ikitoka wapi.

Persis akamwita mjukuu wake. Akamtaka aweke mkono juu ya kopo, amsalimu mwenzake.

Mtoto akaficha mikono mgongoni.

"Magokoro, hii udongo mama ametoa kwa maua."