Kitambaa Kisicho na Jina

Mtu akikwambia kwamba Isiolo ni mji wa mbuzi na miraa tu, mwambie aende Mtaa wa Majora siku ya Ijumaa, swala ikishatoka. Asimame pembeni, afunge mdomo, aangalie. Ataona akina mama wa Kiborana na wa Kisomali wakitembea polepole na madera ya rangi za kuumiza macho, wasichana wa Kimeru na sketi zilizoshonwa juzi, na hakuna hata mmoja wao anayekwenda mahali. Wanatembea waonekane, basi. Barabara yenyewe ni fupi, ukipiga chafya mwanzoni unaombewa afya mwishoni. Lakini wanawake hutoka Kinna, Garbatulla na hata Moyale kuja kununua nguo ya Idi hapa, na mwanamke wa Moyale hasafiri mwendo wote huo kwa kitu cha ovyo.

Gathoni aliijua barabara hiyo kabla haijawa na sifa yoyote. Alikuja Isiolo akiwa bibi harusi mwaka wa themanini na nane, mumewe Kiarie akiwa dereva wa serikali, na pale palikuwa na maduka manne, vumbi, na mfereji wa maji machafu. Mzee Ganya, mwenye duka la pili kutoka kona, alimkuta akishona chini ya mabati yaliyotoboka. Akamwambia, "Mama, lete hiyo cherehani kwangu, kwa veranda. Ukikaa pale watu watasimama. Wakisimama, wataingia."

Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kiarie alikufa, Mzee Ganya akafa, Irungu mtoto wa Gathoni akaoa akahamia Nanyuki, na cherehani ile ya kukanyaga bado iko pale pale, kushoto kwa mlango, mbele ya duka ambalo sasa ni la Umulkheir, mjane wa Ganya.

Sasa, kuna jambo moja la mtaa huu ambalo mgeni hawezi kulijua asipoambiwa. Hapa kitambaa hakiuzwi bila jina. Na jina halitoki kwa mwenye duka, hata awe tajiri namna gani. Hutoka verandani, kwa wanawake wanaongoja kushonewa na fundi wao, na fundi ndiye mwenye neno la mwisho. Lami ilipofika, kile cheusi chenye mstari mweupe katikati kikaitwa Lami. Nzige walipofunika mji, kile cha vitone vya njano kikaitwa Nzige, na kikagombaniwa vibaya sana. Kuna kimoja kiliitwa Duba Ameanguka, kwa sababu Duba, dalali wa ngamia, alitumbukia mferejini akigeuka kumtazama mwanamke aliyekivaa. Duba alikwenda kulalamika kwa chifu. Chifu alicheka mpaka akafuta machozi, na mke wa chifu akanunua madera mawili.

Shida ilianza Jumatatu, wiki mbili kabla ya Idi. Umulkheir alikuwa amekwenda Kinna kumuuguza dada yake, akaliacha duka mikononi mwa Farhiya, binti yake, aliyerudi kutoka Nairobi na digrii ya biashara na haraka nyingi. Gathoni alifika asubuhi kutoka kwake Chechelesi, akamkuta Etabo, fundi wa ujenzi, amechuchumaa ukingoni mwa veranda akichora mstari wa chaki kutoka ukuta hadi ukuta.

"Habari ya asubuhi, Etabo. Unachora nini?"

Etabo hakumtazama. "Kioo kitasimama hapa, mama. Kioo kizima, mpaka juu. Naanza Jumamosi."

"Na veranda?"

"Si itakuwa ndani ya duka."

Farhiya akatoka, simu mkononi, uso umechangamka. "Mama Irungu, habari? Nilikuwa nataka kukuambia. Tunafungua duka la kisasa, na masanamu ya kuvaa nguo mbele. Wewe nimekutafutia nafasi nzuri kule nyuma, karibu na stoo. Kuna kivuli, kuna stima. Vumbi halitakusumbua tena."

Aliyasema kwa upendo, na hapo ndipo palipouma. Kule nyuma hapiti mtu ila paka. Fundi akikaa kule, nani atamsalimia, nani atamletea pindo lililofumuka, nani atamwuliza kitambaa hiki kiitweje? Roho ilimwuma Gathoni, ikamwuma sana. Maneno yakamjia mpaka kwenye meno, akayameza.

"Sawa, mwanangu," alisema.

Angeweza kumpigia Umulkheir simu. Mara mbili aliitoa ile simu kifuani, mara mbili akairudisha. Atasemaje? Amshtaki mtoto kwa mama yake, mtoto ambaye sare yake ya kwanza ya shule aliishona yeye? Aibu gani hiyo! Heri aende kushonea paka.

Jumanne mzigo wa Idi ukafika kutoka Islii, Nairobi, majora kwa majora, kitambaa chepesi cha kuteleza mkononi, kingine rangi ya zambarau iliyokolea na maua ya fedha pindoni. Haki ya Mungu, kilikuwa kizuri. Farhiya akayapanga majora vizuri, na kila moja akalibandika namba.

Saa nne akaingia Sahro, mteja wa miaka mingi kutoka Kinna, mwanamke mwenye sauti ya kuita ngamia. Akashika ile zambarau, akaikunja, akaitupa begani.

"Salaam aleikum. Abaayo, dada, hii inaitwaje?"

"Aleikum salaam. Hiyo ni ishirini na saba."

"Ishirini na saba nini?"

"Ndiyo namba yake. Iko hata kwa simu, unaweza kuagiza ukiwa nyumbani."

Sahro akageuka akamtazama Gathoni pale nje, nyusi juu, kama kusema: huyu vipi? Gathoni akajitia kushughulika na pindo. Sahro akairudisha nguo mezani. "Nikiulizwa kwa harusi nimevaa nini, niseme nimevaa namba? Wacha wee!" Akavuka barabara, akaingia kwa Rimberia, Mmeru mwenye duka la upande wa pili, ambako kulikuwa na kitambaa kibaya zaidi lakini kina jina.

Ikawa hivyo Jumanne nzima na Jumatano nzima. Wanawake wanaingia, wanashika, wanauliza, wanacheka, wanatoka. Maskini Farhiya alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, kisha Nairobi. Alikuwa amesikia majina maisha yake yote, lakini alidhani yanatoka Dubai pamoja na majora, yameandikwa kwenye boksi.

Tusidanganyane, Gathoni alifurahi. Alifurahi siku nzima ya Jumanne na nusu ya Jumatano. Halafu alimwona yule msichana amekaa peke yake katikati ya vitambaa, amejishika shavu, macho mekundu, akasema bila kumwambia mtu, "Watu wa hapa hawajui vitu vizuri." Furaha ile ikamwisha Gathoni, akajionea haya. Neno moja tu lingetosha kumsaidia. Lakini na yeye ni binadamu, na mstari wa chaki ulikuwa pale mbele ya miguu yake.

Ijumaa, watu wakielekea msikitini, akaona hana haja ya kungoja Etabo aje na nyundo. Akakusanya mkasi, tepu, kopo la vifungo. Farhiya alipomwona akatoka kumsaidia kubeba cherehani, maana adabu hakukosa. Gathoni akaivua shuka lake la kuifunikia, akampa alikunje.

Farhiya akalikunja nusu, akasimama. Lilikuwa shuka la vipande vitupu, kila kipande upana wa vidole viwili, vimeshonwa kimoja baada ya kingine, mstari chini ya mstari.

"Mama Irungu, hii ni nini?"

"Ni vitambaa vya mtaa huu. Mtu akitoka mbali akaniuliza, ile Lami ilikuwa vipi, namwonyesha. Kila kitambaa kikishapewa jina hapa, nakata kidogo naweka."

"Kikishapewa jina hapa?" Farhiya alimkazia macho. "Kwani majina mnatoa nyinyi?"

"Ulidhani nani?"

Msichana akakaa kwenye benchi la wateja, shuka mapajani. Akaanza kuonyesha kwa kidole, na Gathoni, atake asitake, akaanza kujibu. Hii Nzige. Hii Barakoa, mwaka huo huo. Hii Kaunti, siku gavana wa kwanza alipoapishwa. Hii Elnino, ilichuja rangi yote mvua ilipoingia, tukatukanwa mpaka Marsabit. Hii Duba Ameanguka. Farhiya alicheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

"Na hii ya kijani?"

Gathoni akasogeza kopo la vifungo. Akaangalia barabara, akaangalia mikono yake.

"Hiyo ni Pazia," alisema mwishowe. "Mama yako atanigombeza, lakini basi. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Jora limetoka kwa lori, mama yako amesimama hapa verandani analifungua, tumbo hili hapa. Uchungu ukamshika. Gari hakuna, mtu wa kumbeba hakuna, Mzee yuko mnadani. Tukamlaza hapa. Akina mama sita wakalichukua lile jora lote, wakalizungusha kutoka nguzo hii mpaka ile, wakalishika juu, wakawageuzia wanaume wote migongo. Saadia mkunga alifika anahema, amekuta kazi imekwisha. Mimi ndiye nilikushika. Mikono yangu ilikuwa bado na uzi."

Farhiya akaangalia sakafu ya veranda.

"Hapo," Gathoni akaonyesha kwa mguu, ndani kidogo ya mstari wa chaki. "Hapo hasa."

"Mama aliniambia nilizaliwa nyumbani."

"Mama yako ana haya, na kwake hapa ni barabarani. Alituomba tusiseme. Mtaa mzima umenyamaza miaka ishirini na tisa. Mtaa huu! Ambao haunyamazi hata mtu akinunua chumvi!" Gathoni akafuta pua kwa mtandio. "Lakini kile kitambaa kiliisha wiki hiyo hiyo. Kila mwanamke alikitaka."

Farhiya alikishika kile kipande cha kijani muda mrefu. Kisha akasema, "Niachie hii shuka, Mama Irungu. Nitaiwekea fremu, niitundike ndani, kila mtu aione."

Hapo ndipo Gathoni aliposhikwa na hasira aliyoibana tangu Jumatatu. Alimpokonya lile shuka. "Na cherehani yangu niifunike na nini? Ala! Hili si la ukutani, Farhiya. Kila Idi linaongezwa kipande. Ukilitia kwenye fremu umesema limekwisha. Mimi nipeleke nyuma ukitaka, nimekwambia sawa. Lakini hili naenda nalo."

Hakuwahi kumpandishia sauti mtoto huyo, hata alipomwaga mafuta juu ya gauni la harusi akiwa na miaka minne.

Farhiya akainuka. Gathoni alidhani anaingia ndani kulia. Badala yake alikwenda mpaka ukingoni mwa veranda, akaweka ndala yake juu ya mstari wa chaki, akausugua. Akausugua kutoka ukuta hadi ukuta mbele za watu, ndala ikawa nyeupe. Etabo, aliyekuwa akinywa chai kwa Rimberia, alivuka barabara mbio na kikombe mkononi.

"We! Hiyo kazi yangu unafuta?"

"Rudisha mstari ndani, Etabo. Hatua mbili. Kioo kisimame pale kwenye mlango."

"Hatua zako ama zangu?"

Farhiya alifikiri. "Za Mama Irungu."

Basi Gathoni akasimama pale ukingoni, pamoja na goti lake bovu, akavuta hatua mbili kubwa kuliko zote alizopiga tangu ujana wake. Etabo alilalamika kwamba hizo ni tatu. Hakuna aliyemsikiliza, akachora.

Farhiya aliingia dukani, akarudi amekumbatia lile jora la zambarau. Namba alikuwa ameibandua. Akalilaza mapajani mwa Gathoni, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake, kisha akakaa kwenye benchi kama mteja mwingine yeyote.

"Mama," alisema, na safari hii hakuongeza Irungu. "Hii haina jina."

Gathoni akalikunjua jora kidogo. Akapapasa yale maua ya fedha. Watu walikuwa wameanza kutoka msikitini, barabara inajaa rangi, na Sahro alikuwa mbele yao wote, ana dera jipya kutoka kwa Rimberia na halimfurahishi. Aliona chaki iliyosuguliwa, akaona mstari mpya kule ndani, akaona cherehani iko mahali pake. Mwanamke huyo hapitwi na kitu.

"Salaam aleikum," alisema, akishika pindo la ile zambarau. "Kwani hii sasa inaitwaje?"

Farhiya akamtazama Gathoni.

"Hatua Mbili," Gathoni akasema.

Sahro alicheka kicheko chake cha kusikika mpaka stendi. "Nikatie! Na ya dada yangu pia!"

Gathoni akachukua mkasi. Kabla ya kumkatia Sahro alikata kipande cha upana wa vidole viwili, akampa Farhiya amshikie, na alipoona msichana amekishika vizuri kwa mikono miwili, akavuta tepu akamwambia Sahro anyooshe mgongo.