Mstari wa Mwisho Uliopinda

Jirani anasema mama wa yule mtoto hutoka alfajiri, humfungia binti yake ndani, na harudi mpaka jua lizame.

"Huyo si mama, ni mpangaji wa mwanawe!" aliniambia, mikono kiunoni. "Mtoto hata kulia halii tena. Machozi yamemkauka."

Niliyaandika yote upande wa kushoto wa fomu, penye Nilichoambiwa. Huu mwezi wa pili najifunza kazi ya ustawi wa jamii, mimi niliyeishia darasa la saba, na Afisa alianza kunifundisha hapo: sikio lina upande wake, jicho lina wake.

Upande wa kulia nikaandika: mlango una komeo la ndani, mtoto amenifungulia mwenyewe. Chakula kimefunikwa. Bibi wa chumba cha pili anamwangalia huku akichambua mchele. Nywele zimesukwa juzijuzi, mistari saba.

Hapo kalamu ikagoma. Mstari wa saba ulipinda kuelekea sikioni.

"Nani kakusuka?"

"Mama. Anasema huu uliopinda ni njia ya kurudi nyumbani."

Dada yangu alikuwa akiniambia maneno hayohayo kila aliponisuka nikamcheka kwa mstari wake uliopinda. Miaka tisa sasa tangu agombane na baba akaondoka. Mpaka leo mama yetu akisikia hodi hukatiza mazungumzo.

Nilitamani kukaa kwenye mkeka ule mpaka jioni, nimwone huyo mama akirudi na kuvua viatu. Lakini kesi ya ndugu haishikwi na ndugu. Ripoti ikitiliwa shaka, mtoto anaweza kuchukuliwa. Nikamuaga mtoto, nikainuka.

Afisa alisoma fomu mpaka mstari nilioongeza chini, kwamba huenda mama huyo ni dada yangu, akavua miwani. "Una hakika?"

"Msuko huo nimeuvaa utoto wangu wote, Afisa."

"Umefanya vyema kusema. Kesho naenda mwenyewe, nianze upya. Wewe pale hukanyagi tena mpaka kesi ifungwe."

"Na mtoto?"

"Kama ni hivi ulivyoona, sioni wa kumtoa kwa mamake."

Nilishusha pumzi, lakini sikuondoka. Nilishika ukingo wa meza.

"Basi ukimaliza kesi, naomba umuulize dada kama mdogo wake anaweza kumtembelea. Si mfanyakazi wa ofisi. Mdogo wake tu."

"Kesi ikifungwa, nitamuuliza." Aliingiza faili kwenye droo, akazungusha ufunguo, akamwita aliyekuwa akisubiri kwenye benchi.