Karatasi Mbili za Safari ya Ulaya

Kabla vita havijamtoa Bukavu, Vénérande aliwahi kuishi miaka miwili Liège, Ubelgiji, akisomea ushonaji. Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi ambako sasa alikuwa fundi cherehani, hakuisimulia sana Ulaya. Aliyeisimulia kila Jumapili baada ya ibada alikuwa Byamungu, mkalimani wa shirika moja la misaada lenye ofisi City Centre, Lilongwe. Alidai amekaa Brussels miaka mitatu. Siku aliposema kwamba dirisha lake lilitazama bahari, Vénérande alijua hajawahi kukanyaga huko, maana Brussels haina bahari. Hakumuumbua. Uongo ule haukumdhuru mtu.

Kisha Nella, Mrundi aliyefagia ofisi ile, akaja kupimwa gauni. Alipobaki peke yake na fundi, alitoa bahasha ndani ya kitenge.

"Mama Véné, nimekuta hii nyuma ya droo ya Byamungu. Iko na jina ya mdogo wako. Usiseme ni mi nimekupa."

"Sitasema."

Ilikuwa barua ya miaka minne nyuma, imekwisha kufunguliwa, ikimwita Charlène kwenye usaili wa masomo ya uuguzi ng'ambo. Barua hiyo Charlène aliingoja miezi minane. Kila Jumatatu alikwenda ofisini, na kila Jumatatu Byamungu alimwambia, "Bado, dada. Endelea kuomba Mungu." Mwaka huohuo aliyepanda ndege kwenda kusoma uuguzi alikuwa Marlène, mpwa wa Byamungu. Charlène alikata tamaa, akaolewa na mkulima wa Nathenje, na sasa anauza nyanya sokoni. Neno shule halitamki tena.

Vénérande alishona mkono wa gauni la Nella ndani nje, akaufumua, akaushona tena vilevile. Angeweza kuipeleka barua kwa wazee wa kanisa, lakini aliwajua: wangeomba, wangelia kidogo, halafu wangewalazimisha kupeana mikono. Yeye hakutaka mkono wa Byamungu. Alitaka aanguke mbele ya watu waliompa kiti cha heshima.

Wiki mbili baadaye Byamungu alikuja mwenyewe hadi kwenye cherehani.

"Dada yangu, unisaidie. Kuko Bamarekani munane, bageni ya shirika. Banarudi kwao, lakini banapitia Ulaya, mara yao ya kwanza. Bananiomba conseil, mashauri za safari."

"Si uliishi Bruxelles, we?"

"Niliishi, ndiyo. Lakini ni zamani, na kazi ni mingi. Uniandikie tu, mi nitasoma."

"Na mkurugenzi wenu? Si yeye ni Mbelgiji?"

"Huyo iko safari. Hatakuwepo."

Vénérande aliinama asimwone akitabasamu. Nella alikuwa amemwambia kwamba mkurugenzi, mama mmoja wa Namur aliyehamia mwezi uliopita, angerudi asubuhi ileile ya mkutano na wageni hao.

"Nitakuandikia," alisema. "Na nitakuja na mifuko yangu ya kitenge, niwauzie hao wageni."

Usiku huo hakulala mapema. Aliandika karatasi mbili. Ya kwanza aliiandika kwa furaha ambayo hakuwahi kuisikia tangu Bukavu. Ya pili aliiandika taratibu, akikumbuka baridi ya Liège, kwa sababu Wamarekani hawakuwa wamemkosea kitu.

Siku ya mkutano Byamungu alivaa tai. Aliwasomea wageni kwa sauti ya mhubiri: Jumapili ndiyo siku nzuri ya kununua vitu, maduka yote yako wazi mpaka usiku wa manane. Treni ya Brussels kwenda Paris inachukua usiku na mchana, kwa hiyo wabebe blanketi na chakula. Tena, mjini Brussels waombe chumba kinachotazama bahari. Hapo aliinua macho kwa fahari, maana jambo hilo alilijua mwenyewe.

Wageni walikuwa wakiandika. Mlangoni mkurugenzi alikuwa amesimama na begi lake bado begani.

"Bahari gani?" aliuliza.

Byamungu aligeuka.

"Bahari ya... ya Brussels, madame."

"Wewe uliishi Brussels? Mtaa gani?"

"Mtaa wa... pale katikati."

Mmarekani mmoja alicheka, akajizuia. Vénérande, aliyekaa pembeni na mifuko yake ya kitenge, akasimama na kusema kwa Kifaransa alichofundishwa na masista wa Bukavu.

"Mama, karatasi hiyo niliiandika mimi. Niliandika uongo makusudi, ili ujue kwamba mtu huyu hajafika huko. Ya kweli ni hii."

Alimpa Gabriella, mwalimu mstaafu aliyeongoza wageni wale. Humo aliwashauri wawe na adapta ya umeme, wachague kulipa kwa euro mashine ya kadi ikiwauliza, waseme bonjour kabla ya kuuliza lolote dukani, wafanye manunuzi Jumamosi kwa kuwa Jumapili maduka mengi hufungwa, na wasishangae ghorofa ya kwanza ikiwa juu ya ile ya chini, ambayo Marekani ndiyo huitwa ya kwanza. Paris ni saa moja na nusu tu kwa treni. Gabriella alimshukuru kwa kumshika mikono yote miwili.

Kisha Vénérande aliweka bahasha mbele ya mkurugenzi.

"Na hii ilifichwa kwenye droo yake miaka minne."

Mkurugenzi alisoma jina, akasoma tarehe, akafunga mlango. Hakumwuliza Vénérande ameipata wapi. Byamungu alijaribu kusema, "Dada, tuko ndugu, sisi sote ni ba Bukavu," naye Vénérande alimtazama mpaka akainamisha kichwa.

Kabla ya mwezi kwisha Byamungu alifukuzwa kazi. Mkurugenzi alisema nafasi ile ya masomo haiwezi kurudi, ila angetafuta nyingine, ingawa hakuahidi kuipata.

Orpa, mke wa Byamungu, alikuja kumwombea mume wake.

"Mama Véné, umwachilie. Iko nalia kila siku."

Vénérande hakuacha kukanyaga cherehani. "Si mi alinikosea. Aende Nathenje."

Byamungu alikwenda. Charlène alimwona tangu mbali, lakini alihudumia wateja wake mmoja mmoja, akapanga nyanya upya, akamwacha asimame juani mpaka soko likapungua watu. Byamungu akapiga magoti vumbini.

"Nisamehe, dada."

"Hapana," alisema Charlène, akajitwika beseni, akaenda zake nyumbani.